WALIOFUKUZWA NA MWALIMU: UHURU WA KUSEMA NA KUTETEA HAKI KATIKA VYUO VIKUU



Ndugu msomaji, mwaka jana tuliwapeleka wanafunzi wa darasa la juu ziara ya Butiama, kuona makumbusho na kaburi la Mwalimu Julius Nyerere. Tulipokuwa garini tukirudi Musoma, kijana mmoja mwenyeji wa Bunda akauliza swali kwa sauti, gari zima likasikia: "Ustadh, nimesikia kwamba Mwalimu aliwahi kuwafukuza wanafunzi wa chuo kikuu, mamia kwa siku moja, kwa sababu waliandamana. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona tunafundishwa kwamba alikuwa mtetezi wa haki?"

Gari likawa kimya. Wenzake wakamtazama kama mtu aliyemtukana mzee wa watu mbele ya wajukuu zake. Mimi nilimwambia kwamba swali lake ni zuri, na jibu lake ni refu kuliko njia ya kutoka Butiama hadi Musoma, kwa hiyo nitalijibu katika jarida letu. Makala hii ndiyo jibu hilo. Naliandika kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote, kwa kuwa baadhi yenu, Inshaallah, mtafika vyuo vikuu, na huko mtaambiwa siku moja: "Twendeni tukaandamane." Siku hiyo ni vizuri uwe unajua waliokutangulia walisema nini, walijibiwa nini, na nini kilitokea baadaye.

UHURU WA KUSEMA NI KITU GANI?

Uhuru wa kusema ni haki ya mtu kuwa na maoni yake, kuyatoa kwa mdomo au kwa maandishi, na kupata habari kutoka kwa wengine, bila ya kuogopa kuadhibiwa kwa sababu ya maoni hayo tu. Katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 haki hii imo katika Ibara ya 18. Haki ya kukusanyika na kutoa mawazo hadharani imo katika Ibara ya 20. Ibara ya 30 nayo inaeleza mipaka, yaani kwamba mtu asitumie haki yake kuvunja haki za wenzake au kuharibu maslahi ya umma.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Haki hizi hazikuwamo katika Katiba tangu mwanzo. Ziliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzitumia mwaka 1988. Kwa hiyo katika visa vingi tutakavyovieleza hapa, wanafunzi walikuwa wakisema bila ya kuwa na ibara yoyote ya kushika mkononi. Tulikumbuke hilo tunapowapima.

Na kwa nini vyuo vikuu? Kwa sababu chuo kikuu ni mahali ambapo vijana wengi wenye elimu wanakaa pamoja, wanasoma mambo ya dunia, na bado hawajafungwa na mshahara wala cheo. Ndiyo maana karne iliyopita sauti za namna hii zilisikika nchi nyingi. Mwaka 1964 wanafunzi wa Berkeley huko California, Marekani, walidai uhuru wa kusema mambo ya siasa ndani ya chuo chao. Mwaka 1968 wanafunzi waliitikisa Paris. Mwaka 1976 watoto wa shule wa Soweto, Afrika Kusini, walipigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa lugha ya makaburu. Nasi Tanzania tulikuwa na yetu, na yetu ilitangulia ya Paris na ya Soweto.

KIJANA WA BUTIAMA ALIYEPENDA KUSEMA

Ili tuelewe kilichotokea, lazima kwanza tumwelewe yule aliyefukuza. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, hapahapa Musoma, mwaka 1934. Aliendelea Tabora, kisha Makerere huko Uganda, alikosoma kuanzia 1943 hadi 1945.

Pale Makerere hakukaa kimya na vitabu vyake. Yeye na wanafunzi wenzake kutoka Tanganyika, akiwemo Hamza Mwapachu, walianzisha chama chao kilichojulikana kwa kifupi TAWA, ili wazungumze mambo ya Waafrika wa nchi yao. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa mwanaharakati wa chuo.

Mwaka 1955, akiwa mwalimu wa Pugu na pia rais wa TANU, alitakiwa achague moja: kufundisha au siasa. Akaacha kazi, akaacha mshahara. Mwaka 1958 aliandika katika gazeti la chama, Sauti ya TANU, akiwashutumu maafisa wa kikoloni wa wilaya. Akashitakiwa kwa kuwakashifu, akapatikana na hatia, akatozwa faini ya pauni 150 au aende jela miezi 6. Faini ikalipwa.

Basi huyu ni mtu aliyeijua ladha ya kuadhibiwa kwa sababu ya kusema. Lishike hilo moyoni, ndugu msomaji, kwa sababu linafanya kisa kinachofuata kiwe kigumu zaidi.

TAREHE 22 OKTOBA 1966

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wasiozidi 15, wote wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, na Mkuu wa Chuo alikuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Nchi ilikuwa na wasomi wachache mno. Aliyeingia Mlimani alijua kwamba akitoka anakwenda kukalia kiti kilichoachwa na Mzungu.

Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa limeanzishwa mwaka 1963 kwa vijana waliojitolea. Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba kila anayemaliza chuo kikuu au masomo mengine ya juu lazima aende. Masharti yalikuwa karibu miaka 2. Miezi 5 kambini, kulima, kujenga na kufanya mazoezi. Kisha miezi 18 kazini kwa taaluma yake, lakini akipokea asilimia 40 tu ya mshahara wake.

Serikali ilikuwa na hoja yake. Mkulima wa pamba wa hapa kwetu Bunda, ambaye hakukanyaga darasa, ndiye aliyelipa kodi iliyomsomesha kijana huyu. Je, ni mengi mno kumtaka arudishe miaka 2?

Wanafunzi nao walikuwa na hoja yao. Walisema wanaambiwa wao wajifunge mkanda, na wakubwa wanaowaambia hivyo wanapokea mishahara minono, wana magari na nyumba nzuri. Ikiwa nchi ni maskini, mbona umaskini unaanzia kwa wanafunzi?

Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966, mamia ya wanafunzi wa Mlimani na wa vyuo vingine vya Dar es Salaam waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo. Walibeba mabango. Mojawapo lilidai kwamba hali ilikuwa bora zaidi wakati wa ukoloni. Walifika Ikulu, na Mwalimu akawapokea akiwa na mawaziri wake. Msemaji wao akasoma tamko. Ndani yake walisema kwamba masharti yasipobadilishwa, na wakubwa wasipobadilika, basi miili yao itakwenda kambini lakini nyoyo zao hazitakwenda.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Alipojibu alikuwa na ghadhabu kubwa. Kwanza alisema hatamlazimisha mtu ambaye moyo wake haumo. Pili, na hapa ndipo penye ajabu, alikubaliana nao juu ya mishahara. Alisema ni kweli mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, ukiwemo wa kwake, na palepale akatangaza kuupunguza wake kwa asilimia 20. Mishahara ya mawaziri na maafisa wa juu nayo ikapunguzwa. Tatu, akawaambia wanafunzi waende nyumbani kwao.

Hakuwa na maana ya kwenda bwenini. Walisindikizwa na askari, wakafungasha, wakarudishwa kila mmoja kwao. Idadi inayotajwa mara nyingi ni wanafunzi 393. Katika nchi yenye wasomi wa kuhesabika, kizazi kizima cha wanasheria, walimu na maafisa wa kesho kiliondolewa darasani mchana mmoja.

Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni na kuwa na nyumba za kupangisha. Yaani lile lalamiko la wanafunzi juu ya wakubwa wanaojineemesha likawa ni siasa ya nchi. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa chuoni mwaka 1967. Mmoja wao, marehemu Samuel Sitta, alikuja kuwa Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010.

YALIYOFUATA MLIMANI

Mtu angedhani baada ya adhabu ile wanafunzi wasingefungua tena midomo. Haikuwa hivyo.

(a) Cheche, 1969 hadi 1970. Mwaka 1967 kundi la wanafunzi wa nchi mbalimbali lilianzisha umoja wa kimapinduzi uliojulikana kwa kifupi USARF. Mwenyekiti wake alikuwa mwanafunzi kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Mwaka 1969 wakaanza kutoa jarida liitwalo Cheche. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Hawa hawakupinga ujamaa. Walisema ujamaa unaotangazwa hautekelezwi vya kutosha, na kwamba wakubwa wapya wanachukua nafasi ya wakoloni. Katika jarida hilo ndipo kijana Issa Shivji alipoandika mwaka 1970 juu ya mapambano ya kimyakimya ya matabaka Tanzania. Novemba 1970 Cheche na USARF vikapigwa marufuku. Vijana hawakuacha kuandika, wakaanza jarida jingine, MajiMaji, chini ya mwavuli wa vijana wa TANU.

(b) Akivaga, 1971. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao ulisema kiongozi asiwe na kiburi wala asiwadharau anaowaongoza. Wafanyakazi viwandani waliushika, na wanafunzi nao wakaushika. Julai mwaka huo rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana wa Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, barua ya wazi akilalamikia namna chuo kinavyoendeshwa bila ya wanafunzi kusikilizwa. Akivaga alikamatwa na askari wenye silaha na kurudishwa kwao Kenya. Wanafunzi wakagomea masomo.

(c) Machi 1978. Nchi ilikuwa na hali ngumu, na viongozi wakaongezewa mishahara na marupurupu. Tarehe 5 Machi wanafunzi wa Mlimani, wakiungana na wa Chuo cha Ardhi na Chuo cha Maji, waliandamana kupinga. Polisi wakawatawanya, na mamia wakafukuzwa. Umoja wao ukavunjwa, na mahali pake ikawekwa MUWATA, jumuiya iliyokuwa chini ya chama tawala. Hapa tujiulize: mwaka 1966 walifukuzwa, na hoja yao ya mishahara ya wakubwa ikakubaliwa. Mwaka 1978 waliitetea hoja ileile, ambayo sasa ilikuwa ni siasa rasmi ya nchi, na wakafukuzwa vilevile.

(d) Mwaka 1990. Kulikuwa na migomo juu ya hali mbaya ya chuo na rushwa nchini, na mwezi Mei Rais Ali Hassan Mwinyi akakifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilifunguliwa tena mwaka 1991. Mwezi mmoja tu kabla ya kufungwa, Aprili 1990, wahadhiri wa vyuo vya juu vya Tanzania walikuwa wamepitisha Azimio la Dar es Salaam, linaloweka pamoja mambo mawili: uhuru wa kitaaluma, na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Angalia hekima iliyomo. Walidai uhuru, na papo hapo wakajifunga wao wenyewe wajibu wa kuutumia kwa ajili ya wanyonge.

NANI ALIKUWA NA HAKI?

Sasa turudi kwa yule kijana wa Bunda. Jibu fupi la swali lake la kwanza ni ndiyo, ni kweli, Mwalimu aliwafukuza. Swali la pili ndilo gumu.

Wapo wanaosema wanafunzi wa 1966 walikuwa wachoyo, walikataa kulitumikia taifa lililowasomesha, na lile bango la kuusifu ukoloni lilikuwa tusi kwa waliofungwa na kuteswa kwa ajili ya uhuru. Kuna ukweli ndani yake. Mtu anayesema "haki" na maana yake ni "mshahara wangu", watu humgundua upesi. Tukilinganisha, vijana wa 1978 hawakudai chochote cha mifuko yao. Waliwasemea wakulima na wafanyakazi, na ndiyo maana heshima yao imebaki hadi leo.

Lakini wapo wanaosema Mwalimu alikosea, nami nawaunga mkono katika hili. Ikiwa sehemu ya maneno yao ilikuwa kweli kiasi cha kumfanya Rais akate mshahara wake mwenyewe palepale, basi waliosema hawakustahili kuondolewa wote darasani. Waliandamana bila ya kumwaga damu, bila ya kuchoma nyumba ya mtu, na wakasoma tamko lao mbele ya aliyehusika. Kosa lao kubwa lilikuwa lugha. Na lugha mbaya dawa yake ni jibu, na jibu Mwalimu alikuwa nalo, tena zuri.

Nitakupeni kisa changu kidogo. Nilipokuwa kijana nilisoma shule moja ya bweni, jina lake nalihifadhi. Maharage yalikuwa yamejaa wadudu. Tulilalamika kwa viranja, hakuna kilichofanyika. Jioni moja tukagoma kula, na wengine wakamwaga sahani chini na kupiga kelele za kumdhihaki mkuu wa shule. Kesho yake wanafunzi 4 wakafukuzwa. Wiki iliyofuata maharage yakabadilishwa, tukala mazuri mpaka tukamaliza shule. Mmoja wa wale 4 tulikuwa tunalala kitanda kimoja cha juu na chini. Hakurudi tena shule yoyote. Leo ni mvuvi, mtu mwema, na tukikutana sokoni ananiuliza, "Eti yale maharage yalikuwaje baadaye?" Tunacheka wote, lakini mimi nikifika nyumbani sicheki.

Hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi. Ujumbe unapokelewa, mjumbe anaadhibiwa. Mkubwa huona kwamba akibadili jambo bila ya kumwadhibu aliyesema, heshima yake itashuka. Kumbe heshima hushuka zaidi pale watu wanapojua kwamba walioonewa ndio waliosema kweli.

Na kuna fundisho jingine ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Aliyesema jana ndiye anayesemwa leo. Mwanafunzi wa Makerere aliyeanzisha TAWA, mwandishi aliyetozwa faini mwaka 1958, ndiye aliyekuwa amekaa Ikulu mwaka 1966 akisomewa tamko. Mwenyekiti wa USARF wa Mlimani ndiye Rais wa Uganda tangu 1986, na mwaka 2019 wanafunzi wa Makerere walipoandamana kupinga ongezeko la ada, askari waliingia mpaka mabwenini. Ni rahisi kuupenda uhuru wa kusema unapokuwa huna cheo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kipimo cha mtu ni siku ambayo maneno yanamwelekea yeye.

Kwa hiyo, kijana wangu, usimtupe Mwalimu kwa sababu ya siku moja, na wala usiifiche siku hiyo kwa sababu unampenda. Alikuwa mtetezi wa haki na aliwafukuza wale vijana. Yote mawili ni kweli. Alikuwa akienda Mlimani kubishana na wanafunzi uso kwa uso, jambo ambalo wakubwa wengi hawathubutu. Na baada ya kustaafu, yeye mwenyewe aliwahimiza Watanzania wajadili mambo ambayo wengine waliogopa kuyataja, likiwemo la vyama vingi. Kumheshimu marehemu ni pamoja na kumsoma mzima.

TUNAJIFUNZA NINI?

Leo hamna haja ya kwenda Dar es Salaam ndipo muone chuo kikuu. Butiama hapa pana Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu. Nawausia mambo yafuatayo, mkifika huko au popote:

1. Hakikisha kwanza. Kabla hujasema mkuu fulani amekula fedha, uliza, tazama hesabu, sikia na upande wa pili. Jambo moja la uongo ndani ya tamko linaua mambo 9 ya kweli.

2. Jiulize unamsemea nani. Si haramu kudai haki yako mwenyewe. Mkopo ukichelewa na huna chakula, dai. Lakini usiliite dai la tumbo lako dai la taifa.

3. Piga hodi mlango kabla ya kupanda ukuta. Kuna mwakilishi wa darasa, kuna serikali ya wanafunzi, kuna mlezi, kuna barua. Weka nakala. Ukifika hatua ya kuandamana, uwe unaweza kuonyesha milango uliyobisha ikakataa kufunguka.

4. Chunga ulimi. Bango moja la 1966 ndilo lililokumbukwa kuliko hoja zote za tamko. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Sisi tuliofunzwa adabu ya kuzungumza na mkubwa tuna mtaji hapa: adabu haipunguzi ukweli, inaufungulia njia.

5. Usiharibu mali wala usimguse mtu. Ukivunja kioo cha bwalo, kesho habari itakuwa kioo, haitakuwa chakula kibovu.

6. Kumbuka simu yako. Wenzenu wa 1970 walipiga chapa jarida lao usiku kucha kwa mikono, wakapata muda wa kufikiri. Ninyi mnabonyeza mara moja, maneno yamefika kila mahali na hayarudi. Tangu mwaka 2015 ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao, nayo inaadhibu pia kusambaza habari za uongo. Usisambaze usichokijua.

7. Kubali kusikiliza. Wanaokuunga mkono usiwageuze kundi la kuwazomea wasiokubaliana nawe. Mwanafunzi anayekataa mgomo naye ana uhuru wake. Ukimnyamazisha mwenzako bwenini, huna uso wa kumlaumu waziri.

8. Pima gharama, na gawaneni. Kama mtu atafukuzwa, asiwe ni yule maskini pekee aliyesukumwa mbele ashike bango huku wenye kwao wamejificha nyuma.

Nanyi mtakaopata vyeo, kuanzia kiranja wa madrasa hadi mkuu wa chuo, neno langu ni moja. Siku kijana akisimama mbele yako na maneno makali, tenganisha ukali na ukweli. Ukali mjibu kwa maneno. Ukweli uuchukue uufanyie kazi. Na yeye mwache arudi darasani.

HITIMISHO

Wahenga wamesema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawakusema msema kweli hapati taabu. Vijana waliotoka Ikulu siku ile ya Oktoba 1966 walirudi vijijini kwao, wengine kwa wazazi waliouza ng'ombe ili wao wasome, wakawa hawana la kueleza. Nchi ilipoteza mwaka mzima wa wasomi wake, na wao walipoteza mwaka wa ujana wao. Haki haikuwa upande mmoja, na hasara haikuwa upande mmoja.

Yule kijana wa Bunda aliyeuliza swali garini nilimwona akijikunyata, anadhani nitamkaripia. Hapana. Kama mtoto hawezi kuuliza swali gumu ndani ya gari la madrasa yake, mbele ya walimu wanaompenda, ataliuliza wapi? Endelea kuuliza, mwanangu. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayeulizwa, ukumbuke gari lile.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja tofauti mbili kati ya madai ya wanafunzi wa mwaka 1966 na ya mwaka 1978.

2. Kwa nini Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake siku ileile aliyowafukuza wanafunzi? Je, mambo hayo mawili yanapingana?

3. Ungekuwa wewe ndiye uliyesomewa tamko lile, ungewajibu nini? Andika kwa maneno yasiyozidi 100.

4. Je, lipo jambo katika madrasa yetu ambalo mnadhani linahitaji kurekebishwa? Andikeni barua ya adabu kwa walimu wenu. Tunaahidi kuijibu.

Wabillahi tawfiq.